Nani Atamuuliza Dani?

Dani, yaani bibi kwa Dholuo, aliniuliza mara nne kama nimekunywa chai. Kikombe kilikuwa mbele yangu, kitupu, na kila mara nilimjibu kwamba nimekunywa na nimeshiba. Tulikuwa Nyamasaria, ukingoni mwa jiji la Kisumu kwa upande wa kwenda Ahero, katika boma ambalo zamani lilitazama mashamba na sasa limezungukwa na nyumba za kupangisha na kelele za tuktuk. Watoto wake, mmoja wao rafiki yangu, wanafanya kazi mbali, na kwa miezi kadhaa wamekuwa wakijadiliana kwa simu kama wakati umefika wa kumtafutia mama yao makao ya wazee. Sababu wanayoitaja ni moja tu: anasahau.

Kisha mjukuu wake wa Gredi ya 5 akatoka ndani na daftari. Mwalimu alikuwa amewaagiza waandike majina ya samaki wa ziwani. "Dani, mimi najua ngege, mbuta na omena. Kuna wengine?" Bibi yule akajinyoosha kitini. Kamongo, akasema. Mumi. Seu. Okoko. Fulu. Ningu. Alipofika kwa ningu akatulia, akaeleza jinsi samaki huyo alivyokuwa akipanda mito msimu wa mvua kwenda kutaga, na watu wakimngojea na mitego yao. Mjukuu aliandika hadi ukurasa ukajaa. Kwa robo saa nzima hakuna aliyeulizwa habari za chai.

Nimeifikiria sana robo saa ile, kwa sababu ndani yake limo karibu kila jambo ambalo utafiti wa miaka 50 umefundisha kuhusu kumbukumbu za wazee. Swali linaloulizwa na familia nyingi sasa, na pia na wale wachache wanaoendesha makao ya wazee nchini Kenya, ni kama kumbukumbu ya mzee inaweza kufunzwa. Naamini inaweza kusaidiwa, ingawa kwa kiasi, na msaada wenyewe unafanana zaidi na daftari la mtoto yule kuliko na zoezi lolote la kukariri.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti nchini Marekani walianza jaribio kubwa lililoitwa ACTIVE. Walikusanya watu 2,832 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa wakiishi kwao, wakawagawa katika makundi. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kukumbuka: kupanga maneno kwa mafungu, kujenga picha akilini, kushika kiini cha hadithi. Kundi jingine lilifundishwa kutatua mafumbo ya mantiki, na jingine kasi ya kutambua vitu. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2002, na yalikuwa wazi: kila kundi liliongezeka ujuzi katika kile kilekile lililofundishwa, na ujuzi huo haukuvuka kwenda kwingine. Aliyefundishwa kukariri orodha za maneno alizikariri vizuri zaidi, lakini hakupata ubora katika mafumbo wala katika kasi. Miaka 10 baadaye, mafunzo ya mantiki na ya kasi yalikuwa bado yameacha alama. Faida ya mafunzo ya kumbukumbu ilikuwa imefifia.

Hili ni jambo la kusikitisha, na lazima lisemwe mapema, kwa maana biashara ya "kunoa ubongo" imeshaingia kwenye simu zetu. Mtoto aliye Nairobi anaweza kumnunulia mama yake tableti yenye michezo ya kukumbuka picha, akalala akijua ametimiza wajibu. Mama atakuwa hodari wa kukumbuka picha za tableti. Dawa ya presha ataendelea kuisahau.

Lakini majaribio mengine yaliingia kwenye makao yenyewe na kuuliza swali tofauti. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Ellen Langer na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika makao ya wazee ya Marekani. Hawakufundisha mbinu yoyote. Waliwatembelea wakazi na kuwauliza mambo ya palepale, mambo ambayo ili mtu ayajibu ilimbidi atafute habari na aishike hadi watakaporudi. Baadhi ya wazee walipewa tuzo ndogo kwa kila jibu walilokumbuka. Hao ndio waliopata nafuu ya kumbukumbu kuliko wenzao ambao hawakuwa na sababu ya kukumbuka chochote. Langer na Judith Rodin walikuwa wameshaonyesha mwaka 1976 kwamba wazee walioachiwa uamuzi wa mambo madogo, pamoja na mmea wa kuutunza wenyewe, walichangamka kuliko wale waliofanyiwa kila kitu.

Fikiria sasa siku ya kawaida katika makao mengi ya wazee. Uji unakuja saa ile ile. Nguo zinachaguliwa na mhudumu. Vidonge vinawekwa kiganjani. Televisheni inawashwa na mtu mwingine kwenye stesheni ya mtu mwingine. Jumamosi wanafika wageni na unga na sukari, wanapiga picha, wanaondoka. Mama aliyepanga mavuno ya familia nzima, aliyejua nani katika kijiji anamdai nani, haulizwi hata kama anataka chai au uji. Katika maisha kama hayo kukumbuka hakuna kazi, na kisicho na kazi hudhoofika. Sehemu ya usahaulifu ambao lawama zake tunautupia uzee inatengenezwa na ratiba ya jikoni.

Si kwamba nawalaumu wanaoendesha makao hayo. Ni machache, mengi yanabebwa na makanisa: Nyumba ya Wazee ya Kasarani chini ya Masista Wadogo wa Maskini, makao ya Thogoto kule Kikuyu chini ya Kanisa la Presbiteri. Jiji la Nairobi nalo lina Mji wa Huruma. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 waliotimiza miaka 60 na zaidi. Vitanda vyote vya makao yote haviwezi kuwa hata tone katika idadi hiyo. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima, ya kuendelea kujiendeleza, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia na Serikali. Neno "kujiendeleza" limo mle kwa makusudi. Sheria haikukusudia mzee alishwe na kuoshwa tu.

Njia iliyojaribiwa vizuri kuliko zote kwa watu wenye dimenshia ya kadiri, yaani ugonjwa unaodhoofisha kumbukumbu na akili, inatoka Uingereza, na nitaieleza kwa urefu kwa kuwa imeshafika Afrika Mashariki. Aimee Spector na wenzake walibuni vikao 14 vya kikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, kila kikao dakika 45. Kila kikao kina mada yake: sauti, chakula, utotoni, pesa, nyuso na mandhari, kupanga vitu kwa aina. Wanaanza kwa kurushiana mpira, wana wimbo wao, kikundi kina jina walilolichagua wenyewe. La muhimu zaidi ni namna ya kuuliza: mzee haulizwi "hii ilikuwa mwaka gani?" bali "unaonaje?" Anaombwa maoni, na maoni hayana kosa. Mwaka 2003 walichapisha matokeo ya watu 201, wengi wao wakazi wa makao ya wazee. Waliohudhuria vikao walipata nafuu ya akili na ya maisha kwa jumla kuliko waliobaki na huduma ya kawaida, na kwa vipimo vya akili nafuu hiyo ilikaribiana na ile ya dawa za dimenshia.

Kisha njia hii ikapanda Kilimanjaro. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walikuwa wameshaonyesha mwaka 2013 kwamba katika kila watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, zaidi ya 6 walikuwa na dimenshia, na karibu wote hawakuwahi kuambiwa hivyo na yeyote. Vikao vya Spector vikageuzwa kufuata maisha ya pale, kwa wazee ambao wengi hawakupata kusoma. Watu 34 walihudhuria. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha akili kuchangamka, wasiwasi kupungua, na tabia zinazowachosha walezi kupungua pia. Kundi lilikuwa dogo, na mtu asilibebeshe uzito kuliko linavyoweza. Lakini kazi ilifanywa kijijini, na wahudumu wa kawaida, bila mashine yoyote. Kutoka Hai hadi Nyamasaria umbali si mkubwa kuliko ule wa kutoka London hadi Hai.

Mwaka huohuo wa 2017 yakatoka matokeo mengine Uingereza yanayonigusa zaidi. Safari hii jozi 356 za mgonjwa na mlezi wake zilipewa mazoezi yaleyale wayafanye wawili nyumbani. Kumbukumbu haikupata nafuu. Kilichopata nafuu ni uhusiano: wagonjwa waliona wamekuwa karibu zaidi na walezi wao. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo kiini kilipo. Kumbukumbu ilihitaji kundi, yaani watu wa rika moja wanaokatizana, wanaokosoana, wanaocheka. Mzee mmoja mbele ya binti mmoja mwenye haraka ni mtihani. Wazee saba chini ya mwembe ni baraza.

Na sisi wa kando ya ziwa tuna baraza la kumbukumbu tangu zamani. Mtoto wa Kijaluo hubeba saa ya kuzaliwa kwake katika jina lake: Otieno ni usiku, Omondi alfajiri, Onyango asubuhi jua likipanda, Odhiambo jioni, Okoth mvua ikinyesha. Ukimtajia mama mzee jina la mwanawe, umempa mlango wa kuingilia siku nzima ile: nani alikuwapo, nani alikimbia kumwita mkunga, mvua ilinyesha namna gani. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walilala wakisikiliza hadithi. Aliyekuwa na kumbukumbu kuliko wote ndiye aliyekuwa na hadhira kila usiku. Kuna pakruok, majigambo ya majina ya sifa katika muziki na sherehe, ambayo hayawezekani kwa mtu asiyekumbuka wa kwao ni nani. Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alijenga kitabu chake cha 1967 kuhusu historia ya Wajaluo wa kusini juu ya vinywa vya wazee kama hao, akihesabu vizazi katika nasaba walizomtajia ili kukadiria miaka. Wazee hao walikuwa hawajafunzwa na mtaalamu yeyote wa akili. Walikuwa wanaulizwa.

Basi kikao cha makao ya wazee hapa Kisumu, au cha kikundi cha mchana kanisani Nyamasaria, kinaweza kuonekanaje? Samaki nimeshawataja. Kipimo kimoja kinachotumiwa kutambua dimenshia humtaka mtu ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Mpe bibi wa kando ya ziwa samaki badala ya wanyama na utapata zaidi ya kipimo, utapata mazungumzo, hasa kuhusu wale ambao mbuta aliwamaliza. Kwa kikao cha pesa, tafuta sarafu za zamani za Afrika Mashariki, zile za senti 5 na 10 zilizotobolewa katikati, umwekee kila mmoja mkononi. Kidole hukumbuka kabla ya mdomo. Wanaume wape ajua, ile bao ya Wajaluo, wahesabu kete na kukumbuka mwenzao amebakisha ngapi wapi. Au waache wabishane kuhusu Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 na nani alifunga. Weka benga ya D.O. Misiani na usiseme neno mpaka wimbo uishe.

Lugha iwe Dholuo kwa anayezungumza Dholuo. Linaonekana jambo la wazi, ila nimeona wahudumu vijana wakimwongelesha mzee Kiingereza cha shuleni kisha wakaandika kwamba "hajibu". Kwa Dholuo anayesahau husema *wiya owil*, kichwa changu kimesahau. Kosa ni la kichwa, heshima ya mtu inabaki. Vipimo pia viangaliwe. Kile kipimo maarufu cha Marekani cha mwaka 1975 humtaka mtu aandike sentensi na kunakili umbo kwa kalamu. Mama ambaye hakushika kalamu maishani ataanguka hata kama akili yake ni kali. Ndiyo sababu watafiti wa Hai na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kinachotumia njiti nne za kiberiti zipangwe kwa umbo. Kila nyumba ina kiberiti.

Kuna tahadhari moja ambayo mkufunzi kutoka nje hawezi kuijua. Ukianza kikao cha "mambo ya zamani" Kisumu, hutachukua muda kufika mwaka 1969. Waziri Tom Mboya aliuawa Julai 5. Oktoba 25, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo wakazi bado wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, risasi zilifyatuliwa kwenye umati na watu wakafa, watoto wakiwemo. Hospitali hiyo leo inaitwa Jaramogi Oginga Odinga, na ndiko wazee haohao hupelekwa kliniki. Aliye na miaka 75 sasa alikuwa kijana siku ile. Sisemi mada hiyo ifungwe. Nasema anayeongoza kikao ajue iko chini ya maji, asiulize kwa udadisi, na akilia mtu, kikao kisimame na kikae naye.

Kando ya kikundi kuna mbinu moja ya watu wawili ambayo inafanya kazi hata dimenshia ikiwa imesonga, na ningependa kila mlezi aijue. Mwanasaikolojia Cameron Camp aliieneza huko Marekani: kuuliza kwa vipindi vinavyorefuka. Chagua jambo moja tu lenye faida ya kila siku. Tuseme ni mahali pa dawa. "Dani, dawa ya presha iko wapi?" "Kwenye kikombe cha bluu." Muulize tena baada ya nusu dakika. Kisha baada ya dakika moja, mbili, nne, nane, mkizungumza mengine katikati. Akikosea, usimwache ahangaike wala usimwambie "si nimekuambia sasa hivi?" Mpe jibu palepale, alirudie, kisha punguza muda urudi pale alipofaulu mwisho. Kwa siku kadhaa jibu huanza kuja lenyewe, kama mkono unavyojua kitasa cha mlango gizani. Jambo hilo halitamfanya akumbuke jina la Waziri wa Afya. Litampatia dawa yake.

Na dawa yenyewe ni nusu ya habari. Jopo la jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kuzuiwa au kupunguzwa, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia, kutoona, upweke na msongo wa moyo. Mzee asiyesikia huonekana amesahau kumbe hakupata neno lenyewe. Wakati mwingine ni nta tu masikioni. Piritoni anazopewa kila jioni kwa ajili ya mafua humtia ukungu kichwani. Malaria, maambukizi ya mkojo, au kutokunywa maji ya kutosha katika joto la Kisumu vinaweza kumvuruga akili kwa siku mbili, na familia ikasema "ameanza". Aliyebadilika ghafla apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwenye makao. Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa Septemba 2023 wana mashine ya presha na ya sukari ndani ya mkoba. Wao ndio wanaofika hadi mlangoni Nyamasaria, na kwa maoni yangu hakuna anayefaa zaidi kufundishwa kuongoza vikao vile 14.

Tukichelewa, wengine watalieleza tatizo kwa njia yao. Oktoba 2021, Marani kule Kisii, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na umati kwa kusingiziwa uchawi. Pwani, huko Ganze, kuna kituo cha Kaya Godoma kinachohifadhi wazee waliokimbia tuhuma hizohizo. Bibi anayezurura usiku, anayezungumza na marehemu mumewe, anayeingia boma lisilo lake, anahitaji jirani anayejua neno dimenshia. Kikundi kinachokutana hadharani mara mbili kwa wiki kinawafundisha majirani neno hilo bila mahubiri.

Mafunzo haya hayazuii ugonjwa wa Alzheimer, na anayewaahidi watoto wa dani kwamba yatauzuia anawadanganya. Yanampa mtu siku zenye watu, maneno na sababu. Gharama yake ni viti, chai, nauli ya tuktuk kwa wale ambao magoti yamewashinda, na mtu mmoja aliyefundishwa. Vyama vya akina mama, nyoluoro, tayari vinakutana na vitabu vyao vya michango; mama mzee akipewa kazi ya kukumbuka zamu ya wiki ijayo ni ya nani, huku katibu akiwa ameiandika pembeni kwa usalama, amerudi katika orodha ya wanaohitajika.

Nilimwambia rafiki yangu hayo kwa simu jioni ile, naye akanijibu kwamba atazungumza na ndugu zake kabla hawajalipa chochote popote. Mjukuu alikuwa bado mezani. Mwalimu alikuwa ameomba samaki watano, yeye alikuwa na kumi na mmoja, na wa mwisho hakujua aandikeje jina lake. Akalisogeza daftari karibu na taa. "Dani, huyu umesema nani? Sema polepole."